Chipu ya ubongo: mnabishana 666 wakati kampuni zinatelekeza wagonjwa

Wakuu, nimechoka. Ikiletwa habari ya Neuralink tu, ile kampuni ya Elon Musk inayoweka chipu ubongoni, kurasa tatu za mwanzo ni 666 na chapa ya mnyama. Wanaojibu nao kazi yao kumsifia Musk. Mgonjwa anayetobolewa fuvu hakuna anayemuulizia!

Januari 2024 Neuralink walimwekea mtu wa kwanza, kijana aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini. Wiki chache baadaye nyuzi nyingi za ile chipu zikachomoka ubongoni. Wakarekebisha programu, akaendelea. Haya, kampuni ingefilisika mwezi ule angemlilia nani?

Msiniambie naota. Second Sight ya Marekani ilifungia vipofu zaidi ya 350 kifaa ndani ya jicho ili waone japo mwanga na vivuli. 2019 ikaachana nacho, 2020 ikafukuza karibu wafanyakazi wote. Mmoja wa wale vipofu akashikwa na kizunguzungu, madaktari wakahofia uvimbe kichwani, wakataka apigwe MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali. Sasa mtu ana chuma jichoni, lazima kampuni iulizwe kwanza kama ni salama. Wakaitafuta, haijibu. MRI ikashindikana!

Australia mambo yakawa kinyume. Mama mmoja mwenye kifafa aliwekewa kifaa cha majaribio kinachomtahadharisha kabla hajaanguka. Akapata uhuru ambao hakuwahi kuwa nao. NeuroVista, kampuni yenye kifaa hicho, ikaishiwa pesa, akaambiwa kitolewe. Yeye na mumewe walikuwa radhi kuweka nyumba rehani wakinunue. Wapi! Kikatolewa, na alilia.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wamarekani walioulizwa na Pew, taasisi ya utafiti wa maoni, mwaka 2021, asilimia 56 walisema chipu za kuongeza akili zitaiharibu jamii, lakini asilimia 77 waliafiki zitumike kumsaidia aliyepooza. Wamejua kutofautisha. Sisi tunachanganya yote, halafu tunajiona tumelinda watu. Chile ilibadili katiba 2021 kulinda taarifa za ubongo, hongera yao, ila taarifa ni jambo moja na waya uliobaki kichwani ni jingine.

Ninachotaka ni sheria: kampuni isiguse fuvu la mtu kabla haijaweka pembeni fedha za kumhudumia maisha yake yote, na michoro ya kifaa ikabidhiwe serikalini ili hospitali yoyote ijue mgonjwa amebeba nini. Anayepinga hilo alete hoja. Wa 666 mna mada zenu nyingi tu, hii niachieni.