Kwa nini rangi ya chungwa inageuka namba hasi katika Java?

Swali
Ndugu zangu, naandika programu ndogo ya kuchorea kwa Java. Nimeunda rangi ya chungwa kwa nyekundu 255, kijani 165 na buluu 0, lakini getRGB(), amri inayoitoa rangi kama namba moja, inanipa -23296, ilhali nilitarajia 16753920, ambayo ndiyo FFA500, rangi hiyohiyo inavyoandikwa kwa heksadesimali (mfumo wa namba wa kumi na sita) kwenye kurasa za wavuti. Je, nikiihifadhi namba hiyo kwenye hifadhidata, rangi itarudi ilivyokuwa?

Jibu la kwanza
Itarudi kamili. Java huiweka rangi katika namba moja ya biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) yenye mafungu manne ya biti nane nane: juu kabisa ni alfa, yaani kiwango cha rangi kufunika kilicho nyuma yake, kisha nyekundu, kijani na buluu. Rangi yako inafunika kabisa, hivyo alfa yake ni 255 na biti zake zote nane ni 1; na kwa kuwa katika int, aina ya namba kamili ya biti 32 ya Java, biti ya juu kabisa ndiyo inayoamua kama namba ni hasi, rangi yoyote iliyofunika kabisa lazima isomeke hasi. Ndiyo maana nyeupe ni -1 na nyeusi ni -16777216. Ukitoa 16777216 kwenye namba uliyoitarajia, utapata -23296 ileile. Ishara hiyo isikusumbue; ukiandika (rangi >> 16) & 0xFF, yaani ukisogeza biti nafasi 16 kulia na kubakiza nane za mwisho, utapata nyekundu yako, 255.

Jibu la pili
Kwa alfa tumia >>> 24. Ukitumia >> 24 peke yake utapata -1 badala ya 255, kwa sababu nafasi zinazoachwa wazi hujazwa biti ya ishara, ambayo hapa ni 1.

Jibu la tatu
Kwangu mimi, suala la hifadhidata ni zito kuliko la ishara, hasa ikiwa programu nyingine nayo itasoma namba hizo. Katika Windows, aina ya COLORREF huweka nyekundu kwenye baiti (fungu la biti nane) ya chini kabisa, kijani juu yake, kisha buluu, kwa hiyo ikipewa 16753920 itachora samawati mahali pa chungwa, bila ujumbe wowote wa kosa. Mimi ningehifadhi maandishi #FFA500, na alfa ningeiwekea safu yake yenyewe, kwa sababu hata katika maandishi CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, huiandika mwishoni wakati Android huiandika mwanzoni.