Nimeongeza seva, mfumo ndo umezidi kufa. Nakosea wapi?

kijana_wa_seva:
Wakuu habari zenu. Nina mfumo wa watu kujiandikisha masomo, siku za kawaida umelala tu, ila usajili ukifunguliwa wanamiminika wote dakika ileile. Nilikuwa na seva 2, nikaweka zijiongeze zenyewe CPU ikipita asilimia 70, sasa juzi zikafika 8 na ndo kila kitu kikalala, databesi inasema koneksheni zimejaa, halafu hata walioingia wanatolewa nje wakibonyeza ukurasa mwingine. Databesi natumia PostgreSQL. Nihame au?

nguli_foleni:
Usihame popote mkuu. Kila seva inafungua koneksheni ngapi? PostgreSQL usipoigusa inakubali 100, na 3 kati ya hizo zinatengwa kwa msimamizi. Wewe umeongeza madirisha ya kupokea watu ila karani ndani ni yuleyule mmoja.

Weka PgBouncer (programu ya kugawana koneksheni) katikati ya seva na databesi, iwe inagawa koneksheni kwa muamala, yaani kazi moja kamili ya databesi, muamala ukiisha tu koneksheni inapewa mwingine. Na usije ukapandisha ile 100 kuwa 1000 ukadhani umemaliza, kila koneksheni pale ni prosesi yake inayokula RAM.

Hilo la kutolewa nje ni sesheni (kumbukumbu ya nani kaingia), bila shaka unazihifadhi kwenye memori ya seva yenyewe, mtu akiangukia seva nyingine haijui ni nani. Zipeleke Redis, hifadhi ya pamoja ambayo seva zote zinaisoma.

kijana_wa_seva:
Aisee, kila seva nimeipa 25 😂 kumbe hata ya nne tu ilitosha kuniua

bi_logi:
Sawa ila hamjagusa muda. Kujiongeza kwenyewe huwa kunachelewa, mpaka CPU ipande, seva mpya iwake, programu ipakie, watu wameshakata tamaa wanabonyeza upya na mzigo unakuwa mara mbili. Wewe saa ya kufungua unaijua! Washa seva mapema kwa ratiba, kujiongeza iwe akiba tu.

Kingine, ile barua pepe ya kuthibitisha unaituma ndani ya ombi lenyewe? Iweke kwenye foleni itumwe baadaye. Orodha ya masomo iweke kwenye kashe (nakala ya muda ya kusoma haraka) hata sekunde 30, lakini idadi ya nafasi wakati mtu anajiandikisha isome kwenye databesi ndani ya muamala huku umeifunga safu hiyo (SELECT ... FOR UPDATE), la sivyo watu wawili watapewa kiti kimoja na simu zote zitakuja kwako.

nguli_foleni:
Bi Logi kasema kweli. Na kabla ya siku yenyewe ipige mzigo wa majaribio kwa k6 au Locust, zana za kuigiza watumiaji wengi, usisubiri watumiaji ndo wakujaribie.

kijana_wa_seva:
Mrejesho. Nimepiga k6 na seva 4 zinatosha kabisa, nyingine zote zilikuwa zinasubiri databesi tu. Ile kweri (swali kwa databesi) ya kuhesabu nafasi haikuwa na indeksi ya kuiharakisha (naona aibu hata kuandika). Ila tangu niweke PgBouncer kuna kosa linakuja mara mojamoja, eti prepared statement (kweri iliyoandaliwa mapema) haipo?

nguli_foleni:
PgBouncer yako ni toleo gani? Chini ya 1.21 prepared statement hazifanyi kazi kwenye mtindo wa muamala. Panda toleo, halafu angalia mpangilio wake wa max_prepared_statements usiwe 0.

kijana_wa_seva:
1.18 😅 ngoja nipande