Sikio la mbwa linanuka: kliniki, daktari wa kuja nyumbani au duka la dawa za mifugo?

Mkazi_wa_Mbezi
Wakuu, habari za jioni. Mbwa wangu sikio linanuka na anajikuna usiku kucha, nyumba nzima hatulali. Nimeulizia sehemu tatu. Kliniki ya wanyama wanataka 60,000 kumwona tu, dawa mbali. Daktari wa kuja nyumbani 35,000 pamoja na dawa. Duka la dawa za mifugo hapa jirani wamenipa bei ya matone 12,000, naweka siku saba. Nichukue ipi? Nataka niamue kabla ya Jumamosi.

BabaTumaini
Mleta uzi, hapo hujatuambia kitu. Mbwa wa aina gani, umri gani, masikio yamesimama au yamelala? Sikio moja au yote mawili? Uchafu wake una rangi gani? Anaoga wapi?

Mfugaji_Asilia
Mkuu usiteseke. Huo ni utitiri wa masikio. Mimi nafuga mbwa mwaka wa kumi na tano huu, sindano moja ya ivermectin, dawa ya minyoo na wadudu, ile ya ng'ombe, na biashara imeisha. Hizo 60,000 nunua dagaa wa kumlisha.

Neema_K
@Mfugaji_Asilia tafadhali usimshauri mtu hivyo bila kujua mbwa wake. Dawa ya ng'ombe ina nguvu iliyopimwa kwa ng'ombe, ukikosea kipimo kwa mbwa wa kilo 20 umemuua. Na mbwa wa ukoo wa Collie, hata baadhi ya German shepherd, miili yao haiivumilii. Wanapepesuka, wanatetemeka, wengine hawaamki. Halafu utitiri uchafu wake huwa mkavu, mweusi, kama machicha ya kahawa. Hatujaambiwa bado.

Mkazi_wa_Mbezi
Samahanini, nilikuwa kazini. Ni chotara wa German shepherd, dume, miaka minne, anaitwa Jimi. Sikio la kulia tu. Uchafu ni wa kahawia, unateleza kama siagi ya karanga, harufu ni ya mkate uliochacha. Jumapili huwa nampeleka baharini Kunduchi anaogelea. Na nilisahau, mwezi wa tatu aliugua sikio hilo hilo, nikaweka matone ya dukani likapona.

BabaTumaini
Sasa hapo ndipo penyewe! Halikupona, lilinyamaza. Tundu la sikio la mbwa haliendi moja kwa moja kama letu, linashuka chini halafu linakata kona kuelekea ndani. Maji yakiingia yanakaa hapo kwenye kona, joto la Dar unalijua, fangasi wanashamiri. Lakini si wote wanaoogelea wanaugua. Likijirudia uliza na mzio, wa chakula au wa vumbi. Kinachotakiwa ni mtu achungulie kwa kile kitochi cha masikio, achukue uchafu kwa pamba, aupake kwenye kioo autazame kwa hadubini. Ndipo ajue ni fangasi, bakteria au utitiri. Asiyefanya hivyo anabahatisha, awe wa 60,000 au wa 12,000.

Dada_Moshi
Naomba nisimulie yaliyonipata. Nilikuwa na jike langu, Chausiku, masikio makubwa yamelala. Alianza kukung'uta kichwa, ukutani kwenye baraza kukawa na madoadoa ya damu, usawa wa kichwa chake. Nikaita mtu ambaye mtaa mzima tulikuwa tunamwita dokta. Alikuja na begi, hakuchungulia ndani hata mara moja. Akamfunga mdomo kwa bendeji, akasukuma kijiti cha pamba mpaka Chausiku akalia, akadondosha matone ya gentamicin, dawa ya kuua bakteria, akaondoka na pesa yake. Siku ya tatu mbwa akawa anainamisha kichwa upande mmoja, akitembea anazunguka duara, anagonga miguu ya meza. Nikakodi gari nikampeleka kliniki. Dokta wa pale akanionyesha kwamba ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka, na dawa ile ikipita hapo inaharibu sikio la ndani. Alipona kutembea, ila upande ule hakusikia tena. Nilikuwa namwita, anageukia upande usio wangu. Amekufa mwaka juzi kwa uzee na mpaka leo roho inaniuma.

Neema_K
Pole sana dada yangu.

Mfugaji_Asilia
Pole dada. Ila hao wa kliniki nao si malaika. Mimi niliuziwa shampuu, chakula maalumu na vitamini, nimeenda kwa kupe tu.

Dokta_mwanafunzi
Tutofautishe. Daktari wa mifugo amesoma SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, au chuo kingine digrii ya miaka mitano. Afisa mifugo msaidizi ana cheti au diploma, ana kazi yake ya maana. Sheria ya Veterinari ya 2003 imeweka Baraza, daktari lazima asajiliwe. Muulize namba yake ya usajili, si tusi.

Mfugaji_Asilia
Namba haitibu. Afisa mifugo wa kata yetu ameokoa ng'ombe wangu wangapi!

Dokta_mwanafunzi
Ng'ombe, mkuu. Tunaongelea sikio la mbwa.

Kamau_Nrb
Huku Nairobi mimi humpeleka wangu Kabete, kliniki ya chuo kikuu. Wanafunzi wanakuwa wengi, lakini mwalimu anawasimamia na kila mmoja anachungulia sikio. Huko kwenu SUA Morogoro si wana hospitali pia?

BabaTumaini
Ipo, ila Mbezi hadi Morogoro na mbwa anayeumwa, utampakia gari gani?

Jirani_Mwema
Jamani naingilia. Wa kwangu ncha za masikio zimeliwa na nzi, vidonda vinatoka damu. Ni ugonjwa huo huo?

Mkazi_wa_Mbezi
Wakuu, nimempigia huyo wa kuja nyumbani nikamuuliza kama ana kitochi cha masikio. Kanijibu, "Kikipatikana nitakuja nacho." Kliniki nao wamejaa hadi Jumatatu. Leo asubuhi Jimi kagoma kuguswa upande wa kulia, nimemshika kidogo tu akaninung'unikia, hajawahi. Matone ya dukani sijanunua.

Dada_Moshi
Usiweke chochote humo ndani, hata mafuta ya nazi. Wapigie tena kliniki, waambie hataki kuguswa.

Neema_K
@Jirani_Mwema wako anafungwa wapi mchana, karibu na banda la kuku?