Songea hadi Mtwara "saa moja na dakika nane": wakala wa tiketi ametupotosha

Ndugu wanajamvi,

Naleta malalamiko dhidi ya wakala mmoja wa tiketi wa hapa Dar es Salaam, ambaye kwa sasa simtaji jina. Mama yangu mkubwa, ambaye umri umekwenda na magoti yanamsumbua, alitakiwa kutoka Songea kwenda Mtwara kwenye kikao cha ukoo. Nilipoulizia safari hiyo, wakala alinichapia karatasi kutoka kwenye tovuti ya kukokotoa umbali, inayosema kilomita 500, saa moja na dakika nane, na muda huo akauzungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nikalipa. Tiketi ilipoingia kwenye simu ndipo nilipoona kwamba mama mkubwa analetwa Dar es Salaam kwanza, anakaa Terminal 2 kwa saa kadhaa, kisha anapandishwa ndege nyingine ya kumrudisha kusini.

Kilomita 500 zenyewe si uongo. Viwanja hivyo viwili viko karibu kwenye latitudo moja, na mstari mfupi kuliko yote baina yao juu ya uso wa dunia una urefu wa kama hapo. Lakini abiria wangu hakupita kwenye mstari huo. Songea hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 580 angani, na kutoka hapa hadi Mtwara ni karibu 400, hivyo alibebwa umbali unaokaribia kilomita 1,000, yaani mara mbili ya ule tuliouziwa. Huku ndiko kuzungushwa mbuyu, tena kwa nauli yetu wenyewe.

Hata huo muda una kasoro. Ukipiga hesabu utagundua kwamba umetokana na kuugawa umbali kwa mwendo wa jeti wa kilomita 800 kwa saa, kisha kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hesabu hiyo haiangalii ratiba, haijui upepo, na haijali iwapo kuna ndege yoyote inayoruka moja kwa moja siku unayoitaka. Ukiiwekea viwanja vyovyote viwili, hata kimoja kikiwa cha vumbi, itakupa jibu bila kusita. Isitoshe, ndege za pangaboi kama Dash 8 Q400, ambazo ndizo tunazozizoea kwenye viwanja vingi vya mikoani, hazifikii mwendo huo.

Nilipomrudia wakala, alinijibu kwamba karatasi inahusu "muda wa kuruka tu" na kwamba masharti ya tiketi yako wazi. Yako wazi baada ya kulipa! Kama alijua kuwa safari inapitia Dar es Salaam, na bila shaka alijua kwa kuwa ndiye aliyeikata, kalamu nyekundu ilikuwa ya nini?

Ninachodai ni arejeshe ada yake ya huduma, na kuanzia sasa amweleze mteja saa ya kuondoka, saa ya kufika na mahali pa kubadilisha ndege kabla hajapokea pesa. Nakusudia kulifikisha suala hili kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Mwenye uzoefu wa kupeleka lalamiko huko, hasa linalomhusu wakala na si shirika la ndege, naomba anieleze ni vielelezo gani vinavyohitajika. Karatasi yenye duara jekundu ninayo.