Kutoa vikombe vya beringi kwenye gurudumu la Cessna 172

Mwanagenzi_Hanga
Wakuu, habari za kazi. Niko chini ya fundi mwenye leseni, tunafanya ukaguzi wa mwaka wa Cessna 172. Gurudumu kuu la kushoto, rimu za Cleveland, tairi 6.00-6. Baada ya kufuta grisi nimeona mistari myeusi kwenye kikombe cha beringi, ile ringi ya nje iliyobana ndani ya rimu. Imeachana kwa nafasi ile ile ya roli, na ukipitisha ukucha unakwama. Fundi kasema kibadilishwe, mimi nifanye yeye asimamie. Jamaa mwingine ananishauri moto wa gesi na tindo. Nyie mnatoaje?

Kipepeo182
Hiyo mistari ni kutu ya maji, ndege imekaa sana bila kuruka. Badilisha kikombe pamoja na koni yake (ringi ya ndani yenye roli), usioanishe kipya na cha zamani.

Fundi_Ekseli
Mkuu, hiyo gesi iache kabisa. Moto wa wazi unalegeza ugumu wa alumini, na rimu ikiwa ya magnesi inaweza kushika moto. Tindo nayo inachimba ukuta wa tundu la rimu kinamobana kikombe, na ufa huanzia hapo hapo.

Kwanza kabisa, toa upepo wote na uchomoe kiini cha vali kabla hujagusa bolti zinazounganisha nusu mbili za rimu. Hili nalisema kwa kila kijana ninayemfundisha: rimu ikifunguka na presha ndani, inaua.

Kisha ng'oa sili za grisi, safisha, tumbukiza nusu ya rimu kwenye maji yanayochemka kwa dakika 30. Oveni pia sawa, ila isizidi nyuzi 121 za Selsiasi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linakiachia kikombe. Vaa glavu nene, igeuze juu ya ubao. Mara nyingi kikombe kinadondoka chenyewe. Kikigoma, kigonge kidogo kidogo kuzunguka ukingo kwa kipande cha faiba, si chuma.

Kikishatoka, kagua tundu kwa makini. Ukiona pamesuguliwa hadi pang'aa, kikombe kilikuwa kinazunguka ndani ya rimu. Wapo wanaopiga alama za panchi ili kibane tena. Usikubali, pima tundu, likizidi kipimo cha mwongozo rimu hiyo imekwisha.

Kurudisha: kikombe kipya kwenye barafu kavu angalau dakika 15, rimu ipashwe moto vile vile, paka tundu praima ya zinki kromati, na kikombe kiingie praima ikiwa bado mbichi. Upande mpana wa mteremko utazame nje. Fanya haraka, joto halikusubiri.

Mwanagenzi_Hanga
Asante sana mkuu. Barafu kavu hatuna. Na nitajuaje kimekaa hadi chini?

Fundi_Ekseli
Kilaze kwenye friza usiku kucha, kifungie mfuko kisipate unyevu. Kitahitaji kugongwa kidogo zaidi, basi. Sauti itakwambia: kikigusa bega la rimu (ngazi ya ndani kinapoishia kikombe), mlio hubadilika kutoka butu kuwa mkali. Rimu ikipoa jaribu kupenyeza fila geji (kibamba cha kupimia nafasi) nyembamba kabisa kati ya kikombe na bega. Ikipenya popote, pasha moto upya. Grisi iwe ya aina moja tu, iliyotajwa kwenye mwongozo. Nati ya ekseli kaza huku unazungusha gurudumu, kisha fuata mwongozo kupata tundu la pini inayoizuia nati isilegee.