Jiwe la msingi la jengo la chuo kupigwa plasta ni uhuni!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mnivumilie.

Chuoni nilikosoma kuna jengo ambalo kila mtu analiita Bloku Kuukuu. Lilianza kama bweni, likageuzwa maktaba, kisha maabara ya kemia, na sasa ni ofisi za uhasibu. Sina ugomvi na wahasibu. Jengo lisilo na watu huoza. Kinachoniudhi ni kwamba kwenye ukarabati wa majuzi jiwe la msingi limepigwa plasta! Yaani mtu kachanganya saruji, kashika mwiko, kasawazisha juu ya maandishi, na hakuna msimamizi aliyemwambia acha. Hapohapo wamebandika kibao kinachong'aa chenye jina la mgeni rasmi aliyekata utepe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipita hapo anajua jengo limejengwa juzi.

Na hata kuficha hawajui. Ingia chumba cha kulipia ada, tazama nyuma ya karani: mabomba ya gesi ya maabara bado yamechomoza ukutani, yamezibwa vifuniko na kupakwa rangi ileile ya krimu.

Nilipouliza nikaambiwa eti mambo ya zamani hayakuwa kwenye bajeti. Kuacha kupiga plasta kunahitaji bajeti gani?

Pale Princeton, Marekani, kuna Nassau Hall, lililofunguliwa 1756. Mwanzoni chuo kizima kilikuwa humo: madarasa, malazi, chakula, ibada. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani likakaliwa na askari, 1783 Kongresi, yaani bunge lao, ikafanyia vikao humo, likaungua 1802, likaungua tena 1855. Leo ni ofisi za utawala. Ofisi, kama letu! Lakini kovu la mzinga wa mapigano ya 1777 lipo ukutani mpaka leo, hakuna fundi aliyelisogelea na mwiko. Na msiniambie hayo ni mambo ya matajiri wa mbali. Jengo kuu la Makerere, la mwaka 1941, liliteketea Septemba 2020. Wakalijenga upya kwa sura yake ileile, likafunguliwa tena 2024.

Ninachodai: plasta ibanduliwe taratibu na fundi anayejua kazi yake, na kando ya kibao cha utepe kiwekwe kingine kinachotaja matumizi yote ya jengo, bweni mpaka uhasibu. Aliyesoma pale zamani na ana picha ambayo maandishi ya jiwe yanasomeka, aiweke hapa. Nitaichapa na kumpelekea mkuu wa chuo mezani kwake.