Binti yangu anataka jezi ya Morocco. Nimwambie nini kuhusu Stars?

Fundi wa Mji Mpya

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa nyinyi wenye watoto wanaopenda mpira.

Binti yangu ana miaka kumi, yuko darasa la nne, na mpira ameushika kuliko kaka zake wote. Tangu Taifa Stars, timu yetu ya taifa, watolewe na Morocco kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, pale Rabat Januari 2026, ananidai jezi nyekundu ya Morocco, mgongoni iandikwe Hakimi, beki wao. Kuipata si kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na jirani yangu wa fremu ya pili anachapa majina kwenye jezi, ni suala la dakika chache tu. Kilichonikwamisha ni swali alilonitupia: "Baba, kwani sisi AFCON tumeshawahi kumfunga nani?"

Hatujamfunga mtu. Nilimpigia hesabu yote kwenye karatasi ninayochorea mishono. Tumekwenda mara nne: Lagos 1980, Misri 2019, Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, na hii ya juzi Morocco. Mechi 13, sare tano, vipigo vinane, ushindi hakuna. Akaiangalia ile karatasi, akaniuliza, "Sasa unaipendea nini?" Hakuwa na dharau hata kidogo, alitaka kujua. Nikamwambia anipe siku mbili tatu, nitamjibu.

Mimi nimeipenda Stars tangu enzi za kocha Maximo. Waliokuwepo wanakumbuka bendera kwenye kila daladala, Erasto Nyoni akafunga kule Ouagadougou, tukawa tunaiona AFCON ya Ghana 2008 hii hapa. Halafu Msumbiji wakaja kwenye uwanja mpya wa Taifa, haujamaliza hata mwezi, wakatupiga 1-0, ndoto ikaishia pale. Novemba 2015 nilikuwa Dar, jukwaa la mzunguko, tunacheza na Algeria. Akafunga Elias Maguli, akafunga Samatta, 2-0. Slimani akarudisha zote mbili. Siku tatu baadaye, kule Blida, tukala saba bila.

Lakini saba zile hazikuniuma kama moja ya Zambia. Januari 2024, San Pédro. Nilikuwa kwenye kibanda umiza karibu na stendi, watu tumebanana kwenye mabenchi mpaka mlangoni. Msuva alifunga dakika ya 11. Zambia wakapata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, kwa hiyo kipindi kizima cha pili wako kumi. Dakika zinakatika, watu wameshaanza kusimama, vijana wa bodaboda nje wanawasha pikipiki wakapige honi mjini. Dakika ya 88, kona. Patson Daka akapanda, kichwa, wavuni. Mbele yangu palikuwa na mzee mwenye chupa ya soda mdomoni. Hakuimeza ile soda wala hakuishusha chupa, alibaki vilevile mpaka mpira ukarudishwa kati.

Ule ndio ungekuwa ushindi wetu wa kwanza.

Sasa swali langu ni hili. Nimnunulie mtoto jezi ya Morocco yaishe, au kuna jambo la kweli naweza kumwambia kuhusu timu isiyoshinda? Sitaki kumdanganya kwamba 2027, kwa kuwa tunaandaa na Kenya na Uganda, basi kombe ni letu.

---

Kifaru wa Temeke

Mkuu, mnunulie mtoto jezi. Mapenzi hayarithishwi kama shamba.

Na nitasema jambo ambalo wengi humu hawatalipenda. Sisi mashabiki ndio tunaoilea hii hali. Tukitoka sare tunaandamana na ngoma. Tukifungwa 1-0 tunasema vijana wamepambana. Kiongozi gani wa mpira atakosa usingizi kwa mashabiki wa namna hiyo? Mwaka 2019 tuliandaa AFCON ya vijana chini ya miaka 17 hapahapa Dar. Vijana wetu, Serengeti Boys, wakafungwa mechi zote tatu: Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2. Ile na Nigeria watoto walikuwa wamewasha moto, wanaongoza, wakaja kuachia. Niambieni, nani aliyewajibika? Mwezi mmoja baadaye tulikuwa tunabishana Simba na Yanga kama kawaida.

Mtoto wako ameona timu inayotengenezwa tangu shule za vipaji, akaipenda. Ana akili. Muache.

---

Mstaafu wa Reli, Tabora

Fundi, mwanangu, salaam.

Swali la mjukuu wangu lina jibu, ila linaanzia mbali kidogo, unisamehe kwa urefu.

Agosti 1979 nilikuwa kijana, nafanya kazi stesheni hapa Tabora. Vita na Amin vimekwisha miezi michache tu nyuma, sukari foleni, sabuni foleni. Tulikuwa tumeifunga Zambia 1-0 Dar, tukawafuata Ndola tukihitaji sare. Televisheni huku bara haikuwepo, imekuja 1994. Kilichokuwepo ni redio moja ya betri pale ofisini, na RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Betri zilikuwa zimechoka, tukazianika juani tangu asubuhi ili zitufikishe mwisho. Peter Tino alipofunga, sauti ya mtangazaji ilipotea kwa kelele za watu, hatukujua ni goli la nani mpaka aliporudia. Ikaisha 1-1, tumekwenda Lagos. Timu hiyo alikuwa nayo Joel Bendera, ambaye baadaye nyinyi wa Morogoro mlikuwa naye kama mkuu wa mkoa.

Lagos tulianza na Nigeria wenyewe, wenye nyumba, waliokuja kuchukua kombe. Wakatufunga 3-1. Goli letu akafunga Juma Mkambi, tuliyemwita Jenerali. Misri wakatufunga 2-1, letu la Thuwein Ally. Ivory Coast tukatoka 1-1, Thuwein tena. Nyuma kulikuwa na Jella Mtagwa na Leodegar Tenga, golini Pondamali. Sijawahi kuyaona magoli hayo kwa macho yangu mpaka leo, ila naweza kukuonyesha mahali nilipokuwa nimesimama kwa kila moja.

Mzee Mwinyi alikuja kusema mpira wetu umekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila mtu anajifunzia kunyoa. Yalikuwa maneno ya mzazi mwenye uchungu. Kosa ni letu tuliyoyageuza wimbo, tukawa tunajinyoa wenyewe kabla ya mgeni hajafika.

Sasa sikiliza. Stars wamefunga AFCON magoli tisa tu tangu dunia iumbwe. Mfundishe binti yako yote tisa. 1980: Mkambi, Thuwein, Thuwein. 2019, mechi na Kenya: Msuva na Samatta. 2024: Msuva kwa Zambia. Na haya ya Morocco: M'Mombwa kwa Nigeria, Msuva kwa Uganda, Feisal kwa Tunisia. Mtoto wa miaka kumi anayashika yote jioni moja. Mwenzake wa Rabat aambiwe ataje magoli yote ya nchi yake, ataanzia wapi? Sisi kila goli tunalijua kwa jina la baba yake.

---

Mwalimu wa Hesabu, Iringa

Shikamoo Mzee wa Reli. Niongeze jambo dogo kwenye hayo magoli tisa, kwa sababu naona watu wengi limewapita.

Goli la M'Mombwa tulilifunga kwenye mechi tuliyopoteza, Nigeria 2-1. Siku ile watu waliliita la kufutia machozi. Kisha tukatoka 1-1 na Uganda, ambao walipata penalti mwishoni kabisa wakaipaisha juu, na 1-1 na Tunisia. Tukamaliza wa tatu na pointi mbili, na walioshika nafasi ya tatu wenye rekodi bora nao huvuka. Angola nao kwenye kundi lao walimaliza wa tatu na pointi mbili. Tofauti ya magoli sisi hasi moja, wao hasi moja. Wanaangalia nini sasa? Magoli ya kufunga. Sisi matatu, wao mawili. Angola wakarudi nyumbani, sisi tukaingia hatua ya 16 kwa mara ya kwanza katika historia yetu.

Lile goli la kufutia machozi ndilo lililotuvusha. Niliwapa darasa langu la kidato cha pili hesabu hii ubaoni, wakiwemo wasiopenda mpira, na hakuna aliyesinzia. Mpe binti yako karatasi na kalamu aifanye mwenyewe, usimpe jibu.

---

Shabiki wa Kasarani

Fundi, nakusalimu kutoka Nairobi. Najua huku si kwetu lakini hii mada imenigusa.

Sisi Harambee Stars tumeenda AFCON mara sita na hatujawahi kutoka kwenye makundi, hata mara moja. Ushindi wetu wote ni miwili: Burkina Faso 3-0 mwaka 2004 kule Tunisia, na ule wa Cairo 2019 dhidi yenu. Ile mechi mlitutesa sana! Msuva dakika ya sita. Olunga akasawazisha, na kabla hatujamaliza kushangilia Samatta akatupiga tena. Omolo akarudisha, halafu dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi. 3-2. Nililia. Siku chache baadaye Senegal wakatupiga 3-0 na tukafunga virago.

Nawaambia hivi kwa sababu nyinyi mmevuka bila kushinda, na sisi tumeshinda bila kuvuka, na sijui ni nani kati yetu anayemwonea mwenzake wivu zaidi. Mimi nawaonea. Lakini Agosti 2025, kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, tuliwafunga hao hao Morocco 1-0 hapa Kasarani. Kijana wangu alikuwa amepanda mabegani mwangu. Madagascar wakatutoa kwa penalti robo fainali na kijana akalia njia nzima mpaka nyumbani. Mama yake aliniuliza kwa nini nampeleka mtoto akaumie. Wiki iliyofuata ni kijana mwenyewe aliyeuliza mechi nyingine ni lini.

Usimnyime hiyo jezi. Lakini mpeleke uwanjani pia. Kwenye televisheni Morocco watakuwa wazuri kila siku.

---

Fundi wa Mji Mpya

Wakuu nashukuru, na Mzee wa Reli shikamoo. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na sare za shule za kumalizia.

Kifaru, hasira yako ni yangu pia. Habari ya Serengeti Boys hata mimi siwezi kuisoma nikatulia. Ila nikimwachia binti yangu aende zake, na wewe wako, na jirani wake, Uwanja wa Mkapa, ule ule wa Taifa, watabaki nani wa kuwazomea hao viongozi? Mtu wa Rabat hana habari na vijana wetu wa miaka 17. Sisi ndio wenye haki ya kudai, na hatuwezi kudai tukiwa tumeshahama.

Nilimsomea binti majibu yenu jana usiku. Hesabu ya Angola aliifanya mwenyewe, akakosea kutoa mara ya kwanza, akarudia, akapata. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe tungefungwa na Nigeria 2-0 tungetoka." Nikamwambia ndiyo. Majina tisa ameyaandika nyuma ya daftari la Hisabati, na Msuva amemchorea nyota tatu. Alichoshangaa zaidi ni kwamba Msuva amefunga kwenye AFCON tatu tofauti. Akauliza kama Hakimi naye amefanya hivyo. Nikamwambia aende akatafute mwenyewe, aje anieleze.

Nilimwambia na mambo mawili yangu. La kwanza, Machi 2019, mechi ya kufuzu AFCON, tukaifunga Uganda 3-0 pale Taifa: Msuva, Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris. Miezi minne nyuma Lesotho walikuwa wametufunga 1-0 kwao na kila mtu ameshakata tamaa. Miaka 39 tangu Lagos, halafu ikaisha kwa dakika 90 mbele ya macho yetu. Yeye alikuwa mtoto mdogo wa kubebwa. La pili ni Algeria. Walitupiga saba kwao 2015, na Septemba 2023 tukarudi kwao, Annaba, tukihitaji pointi moja ya kufuzu AFCON. 0-0. Kuna waliokuwa kikosini siku ya zile saba, akiwemo Samatta, waliokuja kuicheza na hii. Hilo ndilo ninaloipendea Stars. Wanarudi palepale walipoaibishwa.

Jezi ya Morocco nimemkubalia. Hakimi ni mchezaji wa kweli na mtoto ana jicho. Ya Stars nitamshonea mimi mwenyewe, kitambaa ninacho. Amesema hii ya pili iandikwe Thuwein. Hakuna dukani jezi ya Thuwein, kwa hiyo hapo ndipo fundi anapohitajika.

Mechi ya nyumbani ijayo tunashuka Dar kwa SGR. Wenyeji wa Temeke, nikiwa na mtoto wa miaka kumi, nikae upande gani?

---

Kifaru wa Temeke

Mzunguko huohuo, ila usikae nyuma ya goli, watu husimama dakika zote 90 na mtoto hataona kitu. Kaa usawa wa kati, safu za juu. Tiketi kata siku moja kabla. Fika saa nane hata kama mechi ni usiku, kwa sababu milango ikijaa wanasukumana na mtoto ataumia. Treni ya kurudi uiangalie mapema, mechi za saa moja zinaisha saa tatu kasoro na huwezi kuiwahi, labda mlale. Uje na maji na sweta ya mtoto. Nikiwahi kufika nitawashikia viti viwili, mimi huwa nakaa hapohapo.